Tovuti ya kikundi nayo iwe na kufuli tatu



Kila mama aliye katika AVEC analijua sanduku letu. Lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa mama watatu wasiolala nyumba moja. Hatukufanya hivyo kwa sababu mtunza sanduku ni mwizi. Tulifanya hivyo ili fedha ziwe salama, na yeye pia awe salama na maneno ya watu. Hakuna anayefungua peke yake, na mmoja akisafiri au akifa kazi haisimami.

Lakini kikundi hicho hicho kikitaka tovuti ya biashara, tunamwita kijana mmoja anayejua kompyuta, tunamhesabia dola zake, naye anaenda kufanya kila kitu kwa jina lake, kwa barua pepe yake na kwa simu yake. Sanduku lina kufuli tatu. Tovuti ina kufuli moja, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu asiye hata mwanakikundi. Hiyo ndiyo habari ya juma hili.

Kikundi kimoja cha kina mama wanaopika sabuni ya mawese kilituomba tukae nao juu ya shida ya namna hiyo. Tovuti yao ilikuwa nzuri, ina picha za sabuni, bei na namba ya simu ya kuagizia. Wateja wa Bujumbura walikuwa wanaagiza kupitia hapo. Siku moja mteja wa zamani akawauliza mbona hawamjibu. Alikuwa ameandika mara mbili, anataka katoni nyingi, na mwisho akanunua kwa wengine. Faida ya katoni zile ilikuwa imekwisha kupangiwa minervali ya watoto. Kufungua tovuti, wakakuta namba ya simu si yao tena, ni ya fundi. Walipompigia alijibu kwamba tovuti ni kazi ya mikono yake, na wakimsumbua ataizima.

Hapo wengi wetu tungeanza kupiga kelele. Tupunguze kwanza, tujue ni kitu gani hasa alichokishika.

Tovuti ni kama nyumba, ina mambo matatu tofauti. La kwanza ni jina, lile linaloishia na .com, .org au .cd. Jina halinunuliwi moja kwa moja milele. Linasajiliwa kwa mwaka au miaka kadhaa kwa kampuni inayoitwa msajili, kisha linalipiwa tena. Hilo ni kama karatasi za parseli. La pili ni mahali inapohifadhiwa, yaani kompyuta ya mbali ambayo tunaikodi ili picha na maandishi yetu yakae humo. Hiyo ndiyo nyumba yenyewe. La tatu ni barua pepe inayopokea maagizo na ujumbe wa kubadilisha neno la siri. Huo ndio ufunguo wa mlango.

Nyumba ikibomoka unaweza kujenga nyingine juu ya parseli yako. Lakini ukijenga ghorofa kwenye parseli yenye jina la mtu mwingine, siku ya ugomvi karatasi ndiyo itakayosema. Kwa hiyo swali la kwanza si nani aliyepiga picha au nani aliyelipa. Swali la kwanza ni: jina limesajiliwa kwa nani?

Na tusidhani ni shida ya watu wasiosoma tu. Jina la .cd ni la nchi yetu nzima. Lilikuja mwaka 1997 Zaire ilipobadilisha jina, likachukua nafasi ya .zr. Mwishoni mwa Desemba 2020, mtafiti wa usalama wa kompyuta kutoka Uswidi, Fredrik Almroth, aligundua kwamba jina moja lililokuwa linatumika kuelekeza watu kwenye tovuti zote za .cd, yaani scpt-network.com, lilikuwa limeachwa bila kulipiwa hadi likawa wazi kwa mnunuzi yeyote. Akalinunua yeye, kusudi lisiangukie mtu mbaya, kisha akawaarifu wahusika. Kwa jina hilo moja, karibu nusu ya maulizo ya watu wanaotafuta tovuti za .cd yangeweza kupelekwa popote anapotaka mwenye jina. Wahusika waliweka jina jingine, linaloishia na .net, na mlango ukafungwa. Habari hiyo ilitangazwa Januari 2021. Kama mlango wa nchi nzima uliweza kusahauliwa hivyo, kikundi cha mama ishirini kisione haya kuuliza karatasi zake ziko wapi.

Tuwaeleze sasa namna tulivyoenda na mama wale wa sabuni, hatua kwa hatua.

Kwanza tulitazama usajili. Kuna ukurasa wa bure, lookup.icann.org. Unaandika jina la tovuti, unaonyeshwa msajili ni nani, jina lilianza siku gani na litakwisha siku gani. Mara nyingi jina la mwenyewe limefichwa, lakini msajili na tarehe vinaonekana. Tuliona kwamba muda wao ulibaki majuma saba. Tarehe hiyo ni ya kuogopa kuliko maneno ya fundi. Jina la .com au .org likifutwa kwa kutolipiwa, kwa kawaida zinabaki siku 30 za kulikomboa kwa bei ya juu, kisha siku 5 za kungoja, halafu mtu yeyote duniani anaweza kulichukua.

Pili tulikusanya ushahidi. Mtunza sanduku alikuwa amehifadhi ujumbe wote wa fedha zilizotumwa kwa simu, na katibu alikuwa na mazungumzo ya WhatsApp ambamo fundi mwenyewe anaandika "tovuti yenu". Tukaongeza karatasi ya kikundi na muhuri wake. Tukapiga picha kila ukurasa wa tovuti, ili siku ikizimwa maneno na bei visipotee.

Tatu, kabla ya kumwandikia mtu yeyote, tulimwita kijana kwa mzee mmoja anayemheshimu. Hapo ndipo tulisikia upande wake. Alikuwa ameongeza picha na kurasa mara nyingi, mama wanamwambia "utalipwa", na hakulipwa. Alikuwa anadai dola 60. Kubadilisha namba ya simu lilikuwa kosa, na mzee alimwambia hivyo wazi. Lakini deni nalo lilikuwa kweli kwa sehemu. Wakapatana dola 40.

Namna ya kulipa ndiyo iliyookoa kazi. Mama walitoa dola 20 siku ile, na 20 nyingine zikabaki kwa mzee mpaka jina lionekane kwenye akaunti ya kikundi. Wakaandika karatasi yenye vitu vinne anavyopaswa kutoa: jina lihamishiwe kwenye akaunti ya kikundi, neno la siri la mahali pa kuhifadhia, neno la siri la kuingilia na kubadilisha maandishi, na nakala ya tovuti nzima kwenye flashi. Kila kimoja kina tarehe. Kijana akatia sahihi, na mzee pia.

Siku ya kuhamisha, tulikaa pamoja mbele ya kompyuta moja. Kikundi kilifungua barua pepe mpya kwa jina lake na akaunti yake kwa msajili. Fundi akafungua kufuli ya jina, akatoa namba ya siri ya kuhamishia. Kwa majina ya .com na .org, mwenye jina akiomba namba hiyo, msajili anapaswa kuitoa katika siku 5. Lakini jina lililosajiliwa au kuhamishwa karibuni linaweza kufungwa siku 60 kabla ya kwenda kwa msajili mwingine. Kwa hiyo njia nyepesi ni kubaki kwa msajili yule yule na kubadilisha mwenyewe tu. Jina likaingia, dola 20 za mwisho zikatoka. Maagizo ya zamani yaliyokwenda kwenye barua pepe ya fundi hayakupatikana yote, na mteja yule wa Bujumbura hakurudi.

Je, fundi akikataa kabisa? Mwandikieni msajili, mkitia ushahidi wenu. Kama barua pepe au jina la kikundi vimo kwenye usajili, mna nguvu kubwa. Kama kila kitu ni cha fundi, msajili kwa kawaida humsikiliza yule aliyeandikwa, na hapo njia inakuwa ndefu. Kuna utaratibu wa kimataifa wa kuamua ugomvi wa majina, unaoendeshwa pia na WIPO huko Geneva, lakini kuufungua mbele ya mwamuzi mmoja ni dola 1500, na lazima uonyeshe haki yako juu ya alama ya biashara na nia mbaya ya mwenzako. Kwa kikundi chenye mtaji wa mapipa matatu ya mawese, hiyo si njia.

Mara nyingi ni afadhali kusajili jina jipya, kujenga upya kwa picha mlizohifadhi, na kuwatangazia wateja wote kwa simu, kwa Facebook na kwenye karatasi ya kila katoni kwamba anwani imebadilika. Kurasa za zamani wakati mwingine zinapatikana kwenye Internet Archive, maktaba ya Marekani inayohifadhi nakala za tovuti tangu mwaka 1996. Inauma kuacha jina ulilolizoeza watu, lakini jina bila sabuni halimletei fundi chochote, na sabuni ni yenu.

Jambo moja tunalikataza. Kuna vijana watakaowaambia, "nipeni dola kumi, nitavunja neno la siri la fundi wenu." Msikubali. Sheria ya mambo ya kidijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu kuingia katika kompyuta au akaunti ya mtu bila ruhusa. Mtatoka mkiwa wadai, mrudi mkiwa washtakiwa.

Na wale ambao hawajajenga tovuti bado? Ninyi mna bahati, maana kufuli inawekwa kabla sanduku halijajaa. Fungueni kwanza barua pepe ya kikundi, si ya katibu, si ya mume wa katibu, si ya mtoto aliyeko chuo Bukavu. Namba ya simu ya kurudishia neno la siri iwe ya laini ya kikundi. Jina lisajiliwe na barua pepe hiyo, mbele ya macho yenu, na risiti ije kwenu. Fundi apewe ruhusa yake ya kufanyia kazi, inayoweza kuondolewa kazi ikiisha, kama vile mwashi anavyopewa mlango wa kuingilia lakini hapewi karatasi za parseli. Mapatano yaandikwe: kazi gani, bei gani, nyongeza inalipwa vipi, na mwisho anakabidhi nini. Na fundi alipwe kwa wakati. Deni lisilolipwa ndilo linalomfundisha mtu mwema kushika mali ya wengine.

Maneno ya siri yaandikwe kwenye karatasi, yatiwe katika bahasha iliyofungwa, na bahasha iingie sandukuni chini ya kufuli zile tatu. Mama wawili wajue kuingia, si mmoja. Tunajua maisha yetu hapa: mvua ya Aprili 2020 na mto Mulongwe vilitufundisha kwamba nyumba moja, simu moja au daftari moja linaweza kuondoka kwa usiku mmoja. Kwa hiyo nakala ya bahasha ikae kata nyingine.

Tumezoea kusema kompyuta ni mambo ya vijana. Kuandika maandishi yake ni kazi ya vijana, sawa. Lakini kujua mali imeandikwa kwa nani, inalipiwa lini na nani ana ufunguo, hiyo ni kazi ya mama wa nyumba, nasi tumeifanya tangu zamani kwa ndakala, kwa mafuta na kwa vitenge bila kufundishwa na mtu.

Kazi ya nyumbani ya juma hili, kwa kila kikundi chenye tovuti, au hata ukurasa wa Facebook tu. Katika mkutano ujao, kabla ya kuhesabu akiba, ulizeni maswali matatu na katibu aandike majibu: Jina limesajiliwa kwa nani? Linakwisha tarehe gani? Fundi akihamia Kalemie kesho, nani kati yetu anaweza kuingia? Swali likikosa jibu, msifunge mkutano bila kuchagua mama wawili wa kulitafuta. Wenye shida watuandikie kama kawaida, wampe barua mama anayewaletea gazeti hili.