Kutu ya mwilini haiondolewi na chupa ya stendi

1/8
Leo uzi ni mrefu, kaa na kahawa yako. Juzi bibi mmoja wa Ngamiani alinisimamisha nikitoka zamu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akatoa chupa kwenye mkoba. Imeandikwa "antioksidanti": inatoa sumu, inaondoa kutu ya mwilini, inatibu sukari, presha na mishipa ya fahamu. Kauziwa stendi. Akaniuliza, "Mwanangu, mjukuu wangu ana siku 5, macho yamekuwa ya njano. Nimpe kijiko kizima au nusu?"

2/8
Nikamwambia, "Bibi yangu, hata tone usimpe. Mtoto aletwe hospitali leo hii, siyo kesho." Mtoto kaletwa, kawekwa chini ya taa ya bluu, kapona na karudi nyumbani, alhamdulillah. Lakini ile chupa imeninyima usingizi. Kinachonikera ni kwamba yule muuzaji hakudanganya kila kitu. "Kutu" ya mwilini ipo kweli. Seli zikitumia oksijeni zinazalisha mabaki makali yanayochoma mafuta, protini na vinasaba vya seli yenyewe. Yakizidi uwezo wa seli kuyazima, wataalamu wanaita msongo wa oksidesheni. Sisi wa pwani tunaielewa haraka: tazama bati la nyumba iliyo karibu na bahari baada ya miaka michache. Uongo unaanzia kwenye tiba.

3/8
Sasa niwaonyeshe dawa ya kweli inayogusa jambo hili. Kuna ugonjwa unaitwa maltipo sklerosisi, MS kwa kifupi. Kinga ya mwili inashambulia ganda linalofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Mtu anapoteza nguvu ya miguu, anaona ukungu, anakufa ganzi. Anapata nafuu, halafu unarudi tena. Ulaya ya kaskazini ni wengi, huku karibu na ikweta ni wachache. Na kuutambua kunataka kipimo cha MRI na daktari wa neva, kwa hiyo sishangai mgonjwa akianza kwa kuambiwa karogwa.

4/8
Dawa yake mojawapo ni dimethili fumarati, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2013. Jamii yake ilianza mbali: mwaka 1959 mkemia Mjerumani, Walter Schweckendiek, alitumia asidi ya fumariki kwa ugonjwa wake mwenyewe wa ngozi, soriasisi. Cha kushangaza ni namna inavyofanya kazi. Yenyewe haizimi yale mabaki makali. Inaichokoza seli kidogo! Ndani ya seli kuna protini inaitwa Nrf2, ambayo muda wote imeshikwa na nyingine, Keap1, na kupelekwa kuvunjwa. Dawa inaigusa Keap1, Nrf2 inaponyoka, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za ulinzi, zikiwemo za kutengeneza glutathioni, kizima-moto cha seli yenyewe. Yaani seli inaamshwa ijilinde.

5/8
Na ilipimwa. Utafiti uliochapishwa 2012, wenye wagonjwa zaidi ya 1,200, ulionyesha kwamba ndani ya miaka 2 ugonjwa uliwarudia 27% ya waliomeza dawa mara mbili kwa siku, na 46% ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Madhara nayo yameandikwa wazi: uso kuwaka moto, tumbo kuvurugika, na chembe nyeupe za damu kushuka, ndo maana mgonjwa anapimwa damu mara kwa mara. Hata wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha nafuu kinatoka kwa Nrf2, maana panya wasio na Nrf2 nao walifaidika. Dawa ya kweli ina namba, ina madhara, ina mjadala. Chupa ya stendi ina sifa tu.

6/8
Utasema, "Nesi, antioksidanti si vitamini tu, itamdhuru nani?" Mwaka 1994 Finland walitoa majibu ya utafiti wa wavuta sigara wanaume zaidi ya 29,000. Waliopewa beta-karotini, hii ya kwenye karoti ila kwa vidonge, walipata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi, kama 18%. Karoti ya sokoni Mgandini kula. Vidonge vyake siyo mchezo.

7/8
Turudi kwa mjukuu. Huku kwetu wapo wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hasa wavulana. Chembe nyekundu ya damu haina kiini, kwa hiyo haiwezi kuwasha jeni kama seli nyingine. Inategemea G6PD iendelee kuipa glutathioni nguvu. Ikipungua, dawa au kemikali kali inazipasua chembe: mkojo mweusi, macho ya njano, damu kuisha. Somo hili tumelipata nyumbani. Dawa ya malaria ya Lapdap, mchanganyiko wenye dapsoni, ilijaribiwa Muheza na ikatibu malaria sugu. Mwaka 2008 ikaondolewa sokoni kwa sababu ilikuwa inapasua damu za wenye upungufu huu. Dawa iliyopimwa imefanya hivyo. Chupa isiyojulikana ndani ina nini, tumpe mtoto wa siku 5?

8/8
Msimamo wangu: anayeuza dawa ya "kutoa sumu" aonyeshe usajili wa TMDA na aseme ndani kuna nini, la sivyo asiuze. Hawa ndo waja leo waondoka leo. Mtoto akizidiwa humpati tena. Na sisi manesi tuache kuwacheka kina bibi. Anatumia hela ya mboga kwa sababu anampenda mjukuu, na muuzaji alimpa muda wa kumsikiliza kuliko sisi.

Wenye vichanga: zile tembe nyeupe za kufukuza nondo na mende zisikae na nguo wala kanga za mtoto, zinaweza kupasua damu yake. Manjano yakionekana siku ya kwanza, yakifika viganjani au nyayoni, au mtoto akikataa kunyonya, njoo muda huohuo. Kumwanika juani hakutoshi. Na kama ndani una chupa ya namna hii, njoo nayo kliniki tusome lebo pamoja. Sitakugombeza.