Kujifunza Kijerumani: Kuwa mvivu, lakini mahali panapofaa

Siku hizi ukipanda matatu jioni usishangae jirani yako akinong'ona "der Tisch, die Tür, das Fenster". Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamiaji na ajira jijini Berlin, Septemba 2024, kila mtaa una msee anayesaka B1 ama B2. Karo imelipwa, pengine kuna ng'ombe aliuzwa ushago. Na maneno hayaingii.

Wengi wetu tunapenda njia inayotufanya tuonekane tunasoma. Daftari kubwa, kalamu za rangi nne, orodha ya maneno mia mbili imepigwa mistari hadi inameremeta. Kesho ukiulizwa kijiko ni nini kwa Kijerumani unatazama dari. Ukisoma orodha tena na tena, macho yanazoea. Neno utalitambua ukiliona, ila mdomoni halitoki, na kwenye mtihani wa kuongea hakuna atakayekushikia daftari. Kurudia mtihani nako ni pesa nyingine.

Halafu kuna wale wa programu za simu kama Anki. Hizo ni poa. Shida ni sisi: unapakua rundo la maneno elfu nne, unajiwekea hamsini mapya kila siku, na wiki ya pili unapata mia tatu ya kurudia yanakungoja. Unafunga simu. Nimefanya hivyo mara mbili, kwa hivyo simcheki mtu.

Mimi natetea uvivu wa maandalizi. Kata vikadi kutoka kwa boksi lolote, Kiswahili upande huu, Kijerumani ule. Gawanya katika mafungu matatu: la kwanza unalipitia kila siku, la pili kila baada ya siku tatu, la tatu mara moja kwa wiki. Tazama Kiswahili, sema Kijerumani kabla hujageuza kadi. Ukipata, inasonga fungu linalofuata; ukikosa, inarudi la kwanza. Basi. Sebastian Leitner alieleza mpango wa aina hii katika kitabu chake cha 1972. Kabla yake Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichoona: tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi inapungua. Ndiyo maana neno jipya linahitaji kuulizwa kesho, si mwezi ujao.

Pale pa kukumbuka ndipo usikwepe jasho. Zile sekunde tano za kukuna kichwa ndizo kazi yenyewe.

Na hii ya kulia ati der, die, das ni ngumu, tuache. Sisi tuliolelewa na ngeli? Unajua kabisa nomino huburuta sentensi nzima nyuma yake: kiti changu kimevunjika, meza yangu imevunjika. Andika neno pamoja na kibainishi chake na wingi wake, der Tisch, die Tische, tangu siku ya kwanza.

Maneno kumi kwa siku, siku tano kwa wiki, ni mia mbili kwa wiki nne. Ukiruka siku tatu, usijaribu kulipa deni lote Jumapili. Chukua fungu la kwanza pekee, lipitie ukiwa kwa foleni ya matatu, halafu panda.