Utajiri wa Magadi haumo ardhini pekee

KWA wapishi wengi nchini, magadi ni kiasi kidogo tu cha kulainisha maharagwe au mboga za kienyeji. Kwa wenye viwanda, hata hivyo, madini hayo ya Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado, ni malighafi yenye thamani kubwa.

Ziwa hilo hulishwa na chemchemi za maji moto yenye chumvichumvi. Jua linapokausha maji, tabaka gumu hubakia. Tabaka hilo huchimbwa, likasagwa na kuchomwa ili kuondoa maji na hewa ya kaboni. Kinachosalia ni unga mweupe uitwao kaboneti ya sodiamu, ambao huyeyuka majini na kuwa kinyume cha asidi.

Sifa hizo ndizo huufanya utafutwe. Ukichanganywa na mchanga, hupunguza joto la kuuyeyusha ili kutengeneza kioo. Aidha, hutumika katika utengenezaji wa sabuni za unga, utiaji rangi wa nguo na kulainisha maji magumu.

Kampuni ya Magadi ilianzishwa mwaka wa 1911, na mwaka wa 2005 ikanunuliwa na Tata ya India. Lakini zaidi ya karne moja baadaye, sehemu kubwa ya unga huo ingali inapakiwa kwenye garimoshi na kusafirishwa ng'ambo kupitia Mombasa, ilhali vioo vingi vya madirisha huagizwa kutoka nje.

Kikwazo kikuu ni nishati. Kusafisha magadi na kuyeyusha kioo huhitaji moto mkali mchana na usiku. Mwaka wa 2014, kampuni hiyo ilifunga kiwanda chake cha magadi ya kiwango cha juu, ikilalamikia gharama, na mamia ya wafanyakazi wakaathirika.

Sheria ya Madini ya 2016 iliipa serikali kuu asilimia 70 ya mrabaha, kaunti asilimia 20 na jamii inayoishi machimboni asilimia 10. Hilo ni jambo la haki kwa Wamaasai wa eneo hilo. Hata hivyo, mrabaha hutozwa kwa kinachochimbwa, wala si kwa chupa, kioo au sabuni itakayotengenezwa kwingine.

Kwa hivyo, mjadala kuhusu Magadi usikomee kwenye mgao. Bila umeme wa bei nafuu, Kajiado itaendelea kugawana makombo huku mkate ukiliwa mbali. Penye miti hapana wajenzi.