Ushindi wa Kagera tuliulipia viwandani

Vita vya Kagera tunavisimulia vizuri hadi pale Kampala inapoanguka. Mtanzania yeyote wa rika langu atakutajia daraja la Kyaka lililolipuliwa, hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978 kuhusu uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin, majina ya makamanda Musuguri na Mayunga, Mutukula, Masaka, Mbarara, kisha Kampala yenyewe mwezi Aprili 1979. Baada ya hapo masimulizi hukatika. Tunarukia foleni za sukari na sabuni za miaka ya themanini kana kwamba hizo ni habari za nchi nyingine. Kwangu ni habari moja, kwa sababu niliiona ikiandikwa kwenye kadi za stoo.

Nilikuwa mtunza stoo ya spea katika kiwanda kimoja cha nguo Kanda ya Ziwa. Kila spea ilikuwa na kadi yake: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Beringi, mikanda, gia, mafuta ya mashine. Nilipoajiriwa, safu ya iliyoingia na safu ya iliyotoka zilikwenda sambamba. Mashine zilikuwa za ng'ambo na spea zake za ng'ambo, kwa hiyo kila beringi ilihitaji kibali cha fedha za kigeni kutoka Benki Kuu. Vibali vilichelewa, lakini vilikuja.

Kisha majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800, ni mali ya Uganda. Jeshi letu lilikuwa dogo, na lilikuwa mbali. Ndani ya miezi michache liliongezwa kutoka askari wasiofika 40,000 hadi zaidi ya 100,000, kwa kuwachukua mgambo, polisi, askari magereza na vijana wa JKT. Watu wengi namna hiyo hawafiki Kyaka kwa uzalendo mtupu. Wanahitaji magari, dizeli, matairi, viatu, blanketi na unga. Waziri Mkuu Edward Sokoine akaagiza mikoa itoe kila ilichonacho. Malori na mabasi ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yakachukuliwa. Malori mawili ya kiwanda chetu yaliondoka pamoja na madereva wake. Madereva walirudi. Lori moja halikurudi, na lile lililorudi halikuwahi kuwa gari zima tena.

Mwanza tulikuwa karibu na vita kuliko watu wa Dar es Salaam walivyodhani. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin, ilikuja kulipua matangi ya mafuta ya mji wetu. Ilikosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Tulisikia mshindo, tukatoka nje, kisha msimamizi wa zamu akaturudisha ndani na mashine zikaendelea.

Nataka vijana waelewe jinsi nchi ilivyojisikia wakati ule, kwa maana hilo halimo kwenye hesabu za gharama. Tulikuwa tumepata uhuru bila kufyatua risasi. Tulikuwa na Kiswahili, tulikuwa na Azimio la Arusha, tulikuwa na Chama. Lakini mama wa Newala hakuwa amewahi kumwombea mtu wa Missenyi, na mvuvi wa Pemba hakujua Kyaka iko wapi. Katika wiki chache za Novemba walijua. Wanavijiji walitoa ng'ombe, mbuzi na mahindi bila kusukumwa. Kaka yangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, alijiandikisha mgambo na akatembea kwa miguu sehemu kubwa ya Uganda, hadi vikosi vyetu vilipofika mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni 1979. Katika kikosi chake walikuwamo Mmakonde, Mkurya, Mzigua na Mpemba, na hadi anafariki aliwaita ndugu. Utaifa huo ni wa kweli. Naupenda, na sitaki mtu aupunguze.

Ila ulikuwa na bei. Vita vinakadiriwa kututoa dola za Marekani milioni 500 hivi. Na tulikuwa tumeingia vitani huku tumeshaumia: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, tukalazimika kuanzisha upya shirika letu la ndege, la reli, la posta. Bei ya kahawa iliyopanda sana mwaka 1977 ilikuwa imeshuka. Kabla vita havijaisha, mapinduzi ya Iran yakapandisha bei ya mafuta. Mwalimu akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18.

Miezi 18 ilipita na kadi zangu zikaanza kuwa na safu moja tu inayosonga, ile ya iliyotoka. Beringi ikiisha haiji nyingine. Mafundi wakachagua mashine moja mbovu, wakaing'oa vyuma vyake kuzihudumia tano nzima. Mwaka uliofuata wakang'oa ya pili. Walikuwa mafundi hodari kweli, na nawataja kwa heshima: walichonga gia karakanani kwa vyuma chakavu, wakashona mikanda kwa ngozi ya ng'ombe. Zamu ya usiku ikafutwa, halafu ya jioni. Mwanzoni mwa miaka ya themanini viwanda vya nchi hii kwa ujumla vilikuwa vikitumia chini ya theluthi moja ya uwezo wake. Usukumani, penye pamba ya kujaza maghala, watu walivaa kiraka juu ya kiraka, na mgeni aliyeingia kijijini na jora la kitambaa alizungukwa kama aliyeleta mvua.

Kagera kwenyewe hali ilikuwa mbaya zaidi. Kiwanda cha sukari kiliharibiwa na kuporwa na askari wa Amin, na uzalishaji wake uliyumba kwa miaka mingi hata baada ya kujengwa upya. Silaha zilizagaa, ujambazi ukaongezeka. Nguo zikawa zinatoka Uganda kwa magendo, na ugonjwa mpya ulipotokea mkoani humo, ule ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini waliripotiwa mwaka 1983, watu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara wa magendo hayo.

Mwaka huohuo wa 1983 ndipo vilipokuja vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sokoine yuleyule aliyekusanya malori ya kwenda Kyaka ndiye aliyeongoza msako wa walanguzi. Naamini nia yake ilikuwa safi; alikufa Aprili 1984 akiwa kiongozi asiyetiliwa shaka ya wizi. Lakini niliona majirani waliochangia ng'ombe kwa pamoja mwaka 1978 wakiripotiana kwa katoni ya sabuni iliyofichwa uvunguni. Ule undugu uliozaliwa na vita ulianza kumomonyoka kwa sababu ya njaa ya bidhaa, na njaa ya bidhaa ilitokana kwa sehemu kubwa na ankara ya vita ileile.

Nasema kwa sehemu kubwa, sisemi yote. Leo wasomi wetu wamegawanyika: mmoja anasema Ujamaa uliua viwanda, mwingine anasema ni Amin na bei ya mafuta. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kiuze viatu Ulaya, hakikuwahi kufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake. Amin hakukigusa kile. Tulikipanga vibaya. Lakini viwanda vya nguo, ambavyo vilikuwa vinafanya kazi, vilikufa kwa kukosa beringi, na fedha za beringi zilikuwa zimeshapita Kyaka.

Kupigana kulikuwa haki, na ningeshabikia uamuzi ule tena kesho. Lawama yangu ni kwa yaliyofuata. Mwaka 1980 serikali ilipaswa kutuambia wazi ankara ni kiasi gani, kisha ichague viwanda vichache vya kuokolewa kwanza na kuvipa fedha za kigeni zote vinavyohitaji. Badala yake kila kiwanda kilipewa kidogo kisichotosha, na vingine vipya vikaendelea kujengwa. Kiwanda cha karatasi Mufindi kilifunguliwa katikati ya miaka ya themanini, wakati mimi naandika sifuri kwenye kadi za spea za bei ndogo. Edwin Mtei, Waziri wa Fedha, alijiuzulu mwishoni mwa 1979 kwa kutokubaliana na Mwalimu juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Hata kama humkubali Mtei, na mimi sikumkubali wakati ule, mjadala ule ulistahili kufika hadi kwetu viwandani. Tulikuwa tumeaminiwa kupewa bunduki. Tungeweza kuaminiwa kupewa hesabu.

Jeshi lenyewe, kwa maoni yangu, lilipata somo la viwanda zaidi kuliko raia. SUMAJKT, shirika la uzalishaji mali la JKT, ilianzishwa 1981. Kituo cha Nyumbu pale Kibaha kilianzishwa 1985 ili nchi iweze kuunda magari yake, na lori la Nyumbu liliundwa kweli likatembea. Halikufika kwenye uzalishaji wa wingi. Nchi iliyolazimika kukusanya malori ya watu ili kujihami ilipaswa kulibeba wazo lile mikononi kama mtoto wa kwanza, kwa miaka yote iliyofuata, Rais awe yeyote yule.

Kiwanda chetu kilipouzwa, kadi za stoo ziliuzwa pia, kwa kilo, kama karatasi chakavu. Ndiyo maana naandika. Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, tunawakumbuka wanajeshi wa vita vile waliolala Kaboya, mkoani Kagera, na iwe hivyo daima. Naomba Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipite pia kwa madereva, mafundi na makarani wa mashirika ya umma wa miaka ile, ambao wengi sasa wamevuka miaka 70. Iwaulize lori lilikuwa la nani, lilibeba nini, liliharibikia wapi, mwenyewe alilipwa au hakulipwa, na mashine gani ilisimama kwa kukosa chuma gani. Majibu yaingie katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili, kwenye sura ileile inayoeleza jinsi Kampala ilivyotekwa.