Dawa ya homa inapogeuka sumu ya ini

Mtoto akichemka usiku, mkono wa mzazi huenda moja kwa moja kwenye chupa ya parasetamoli. Hakuna ubaya. Ni dawa nzuri na kwa kipimo chake ni salama. Tatizo ni kwamba tumeizoea mno, mpaka wengine wanaipima kwa macho.

Ini ndilo linaloishughulikia. Sehemu kubwa ya dawa hulainishwa na kutoka kwa mkojo. Sehemu ndogo hugeuka kuwa molekuli kali, inayong'ang'ania chochote inachokutana nacho. Kwa bahati nzuri ini lina mlinzi aitwaye glutathioni, anayeikamata molekuli hiyo kabla haijadhuru. Kwa dozi ya kawaida mambo huishia hapo.

Dozi ikizidi, glutathioni hutumika haraka kuliko ini linavyoweza kutengeneza nyingine. Mlinzi akiisha, molekuli zile huvamia protini za seli, hasa kwenye mitokondria, yaani sehemu zinazozalisha nishati ya seli. Mitokondria zikijeruhiwa huanza kutoa oksijeni ya aina kali, ambayo nayo inaziunguza zenyewe, kama kutu inavyokula bati. Kuta zake hutoboka, nishati hukatika, seli huvimba na kupasuka. Mwili una namna nyingine ya kuondoa seli zilizochoka, kimyakimya na kwa utaratibu. Hii siyo hiyo.

Kinachotisha ni ukimya wake. Siku ya kwanza mtoto anaweza kutapika kidogo, au asionyeshe dalili yoyote, akacheza kama kawaida. Maumivu ya tumbo upande wa kulia huja baadaye, na macho ya njano huweza kuonekana siku ya tatu au ya nne, ini likiwa limeshaumia sana. Kwa hiyo usimpime mtoto kwa uchangamfu wake.

Sasa tuje kwenye kijiko. Kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku nzima, usiku na mchana. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150. Kuna dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, na nyingine yenye miligramu 250 katika mililita hizohizo 5. Chupa zinafanana, kijiko ni kilekile, lakini ya pili inampa mtoto huyo zaidi ya inavyotakiwa. Soma lebo kila unaponunua chupa mpya, na tumia kipimo kilichokuja nayo, maana vijiko vya jikoni havilingani.

Angalia pia dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani. Halafu kuna hili la nyumba zetu: mama kampa asubuhi kabla ya kwenda kazini, dada wa kazi kampa saa nne, bibi naye akaona mjukuu bado ana moto, akampa. Wote wana nia njema. Karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye saa na kiasi, inatosha kabisa. Mtoto ambaye hajala siku kadhaa au ana utapiamlo ahadhariwe zaidi, kwa kuwa glutathioni yake iko chini tangu mwanzo.

Akizidishiwa, au ukimkuta na chupa tupu mkononi, usimtapishe wala usisubiri dalili. Mpeleke hospitali na chupa yenyewe, ueleze saa aliyomeza. Ipo dawa ya kuokoa ini, asetilisisteini, inayosaidia mwili kutengeneza glutathioni upya. Laurie Prescott na wenzake wa Edinburgh, Uskoti, waliandika kuhusu matibabu hayo mwaka 1977, na hadi leo ndiyo inayotegemewa. Hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu sumu imezwe. Kama kituo cha karibu hakina, waombe wakupe rufaa hapohapo.