Gato ya kunywesha sukari, juu ya mbabula

Mwaka jana nilipata komandi ya ubatizo, hapa hapa Kikula. Umeme ukakatika gato ikiwa ndani ya furu. Nikaimaliza usiku, nikaimwagia maji ya sukari asubuhi, imekwisha kupoa. Juu ilinata, chini ilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Nilirudisha pesa yote, na ilikuwa ya minerval ya mtoto.

Siku hizi ninapika malva, pudingi ya Afrika Kusini, kwa makala. Inataka yai moja tu! Lipige na kikombe 1 cha sukari na kijiko kikubwa cha jamu (wao hutia ya aprikoti, mimi ya maembe). Ongeza kikombe 1 cha unga wa ngano, kijiko kidogo cha bikabonati, kikombe 1 cha maziwa, kijiko kikubwa cha siagi iliyoyeyuka na kimoja cha siki. Siki usiiache, ndiyo inaamsha bikabonati.

Paka sufuria mafuta. Makala machache chini, mengi juu ya kifuniko. Ukigeuza, itaungua kabla ya kuiva. Kwangu inachukua dakika 40 hivi. Choma kijiti: kikitoka kikavu, epua.

Hapo usianze habari na jirani. Uwe umechemsha nusu kikombe cha maziwa, nusu cha sukari na vijiko 4 vya siagi. Toboatoboa gato ingali moto, mwaga mchuzi ukiwa moto. Utaona kama imezama. Ngoja robo saa, itaunywa wote.