Pikipiki ya kiki na pikipiki ya mapenzi

Wadau, kuna staa mmoja wa Bongo (jina kapuni, sina hela ya wakili) kaposti picha yuko juu ya pikipiki kubwa ya maana. Kifua wazi, ndala miguuni, kichwani hamna kitu. Chini kaandika anapenda pikipiki tangu utotoni. Laiki kama zote. Mimi nimeona nailoni ya dukani bado iko kwenye siti.

Sio wivu jamani. Ni kwamba mapenzi hayo nayajua. Utotoni nilipakiwa mbele, kwenye tangi la Honda CG125 ya baba mdogo. Mashine ile haina mnyororo wa taimingi, valvu zake zinasukumwa na fimbo, na fundi yeyote wa chini ya mwembe aliweza kuifungua. Kila Jumapili baba mdogo alilainisha cheni, anaimwaga oili chafu, anaiangalia rangi kama daktari. Mke wake alikuwa analalamika, na alikuwa na haki!

Yangu ya kwanza ikawa Boxer ya mkononi. Chuoni wakaniita boda, na mrembo mmoja alikuwa ananiomba nimshushe mtaa wa pili wasimwone kwao. Ikafuata Yamaha DT125. Hiyo sasa ndiyo ilinitoa akili. Injini yake ya mipigo miwili ina kitangi chake cha oili pembeni, kikikauka nawe hujui, pistoni inang'ang'ania palepale. Inalia kama nyuki aliyeudhiwa na moshi wake majirani hawausahau. Leo niko na TVS HLX 150, haina drama, inakunywa mafuta kidogo. Nikilala naiwaza DT.

Sasa nirudi kwa mastaa wetu. Kutafuta kiki sio dhambi, ni kazi yao. Ila madogo wa vijiweni wanawaiga mpaka wanavyokaa kwenye siti. Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi uliotoka 2008 ulionyesha kofia ngumu inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Tena sheria yetu inaitaka. Anayebisha apite wodi za MOI pale Muhimbili, aone vijana wa umri wake waliolala na vyuma miguuni.

Staa anayependa pikipiki kweli angeonyesha ile kofia ikiwa imefungwa kamba kidevuni. Sio kuining'iniza kwenye kioo trafiki akiwa mbali.

Na nyie abiria msijifiche. Mnaikataa kofia ya boda eti inanuka jasho, itaharibu rasta. Kunuka kweli inanuka, sibishi. Nunua yako basi, tembea nayo kama unavyotembea na chaja.

Haya, pikipiki yako ya kwanza ilikuwa ipi na iko wapi sasa hivi? Shuka hapo chini tuambiane.